Ngozi ya maabara naitaka, ila si kwanza

Kila video ya ngozi ya maabara inapozunguka WhatsApp, hakosekani anayeandika kwamba majeraha ya moto sasa yamepata dawa. Naipenda teknolojia hii kuliko wengi wao, ndiyo maana sifa hizo zinaniudhi.

Chukua Integra, ngozi ya maabara yenye matabaka mawili, kazi ya daktari wa upasuaji John Burke na mhandisi Ioannis Yannas kule Boston. Matokeo kwa wagonjwa waliyatangaza mwaka 1981. Marekani ikaidhinisha matumizi yake mwaka 1996. Tabaka la chini ni kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara) ya ng'ombe iliyochanganywa na kitu kinachotolewa kwenye gegedu la papa (ndiyo, papa huyu huyu). La juu ni silikoni, inayozuia maji ya mwili yasivuje na vijidudu visiingie. Mishipa ya damu ya mgonjwa hupenya humo taratibu, na kadiri mwili unavyojijengea ngozi ya ndani, kiunzi kile cha kolajeni huyeyuka. Hapo ndipo uzuri wake ulipo: haing'ang'anii, inampisha mwenye mwili.

Lakini baada ya wiki mbili tatu silikoni hubanduliwa, na daktari huchuna ngozi nyembamba ya mgonjwa mwenyewe, mara nyingi pajani, akaipandikize juu. Katikati ya pasuaji hizo mbili, ya kuiweka Integra na ya kupandikiza, inatakiwa wodi safi, maana usaha ukiingia chini ya silikoni kazi inaweza kuharibika yote. Na bei yake si ya mchezo.

Tena ngozi hiyo haina tezi za jasho. Aliyefunikwa nayo nusu ya mwili, joto la Februari Dar es Salaam atalipunguzaje? Naamini ingebuniwa Tanga, jasho lingekuwa swali la kwanza.

Kwa hiyo fedha za hospitali za mikoa ningezipeleka kwanza kwenye vifaa vya kuchunia ngozi, damu, dawa ya usingizi, na madaktari wa kuondoa mapema sehemu iliyoungua badala ya kungoja ibanduke yenyewe. Mtoto aliyemwagikiwa uji mkononi anayo ngozi yake ya kutosha kupandikiza. Akicheleweshwa, kovu linamkunja kiwiko. Integra iwe ya yule aliyeungua hadi hakuna pa kuchuna, kama baadhi ya majeruhi wa lori la mafuta Morogoro mwaka 2019. Naitaka Muhimbili na hospitali za kanda, ila pale ambapo chumba cha upasuaji kinafanya kazi hata Jumapili usiku.