Kioo kinachojitia giza: ombwe au myeyusho?

Saa nane mchana, Nyali, Mombasa. Ofisi ina dirisha la kioo toka sakafuni hadi darini, lakini pazia limefungwa na taa zimewashwa. Kiyoyozi hakipumziki, kwa kuwa jua limeshapenya na joto limebaki ndani.

Hapo ndipo navitamani vioo vya elektrokromiki. Ukivipa volti chache vinageuka buluu. Ukigeuza mkondo vinarudi kuwa angavu. Kazi hiyo hufanywa na utando wa oksidi ya metali, hasa ya tangsteni, mara nyingi mwembamba kuliko sehemu ya elfu ya milimita. Ayoni, yaani chembe zenye chaji, za lithi au haidrojeni zikiingia humo pamoja na elektroni, rangi hutokea, zikitoka, huondoka. Mwanasayansi S. K. Deb alionyesha kubadilika huko kwa rangi mwaka 1969.

Ubishi uko katika kuupaka utando huo kiooni. Wapo wanaotetea ombwe, yaani chumba kilichoondolewa hewa: ayoni za gesi ya agoni hulipiga bamba la tangsteni, chembe zikang'oka, zikaungana na oksijeni na kutua kwenye kioo. Utando hushikamana vizuri na huwa sawasawa, ila mashine ni ghali mno. Wengine hukitumbukiza kioo katika myeyusho, wakakivuta polepole na kukikausha kwa moto. Hiyo ndiyo soli-jeli. Utando wake una vinyweleo vingi, ayoni hupita kwa wepesi na rangi hubadilika upesi. Lakini vinyweleo hivyo hivyo hushika maji, na elektroliti ya asidi, yaani kitu kinachopitisha ayoni, huula utando usio na fuwele. Tena hupasuka. Aliyewahi kukandika nyumba ya udongo anajua: tope nene likikauka hufanya nyufa, kwa hiyo unapaka jembamba, unalingoja, unapaka tena. Soli-jeli nayo yataka subira hiyo.

Husemwa kwamba unyevu wa Pwani utaiharibu. Naona ni kweli nusu. Dirisha likishafungwa, utando umo katikati ya vioo viwili. Cha kuchunga ni kingo. Unyevu huuma zaidi wakati wa kutengeneza, maana alkoksidi za tangsteni, kemikali zitumikazo kutengeneza myeyusho, zikiguswa na mvuke huharibika chupani. Basi tuziache, tuyeyushe unga wa tangsteni katika peroksidi ya haidrojeni, myeyusho ambao tayari una maji.

Wala jina la njia halitoshi kuhukumia. Ongeza shinikizo la gesi ndani ya ombwe, nao utando huo utatoka na vinyweleo. Choma wa soli-jeli kwenye nyuzi 400 hivi, fuwele zitajipanga: uimara utapanda, wepesi wa rangi utapungua.

Kwa ghorofa zima ningechagua ombwe. Kwa maabara ya chuo hapa Mombasa, ningeanza na myeyusho, kwa vipande vya ukubwa wa kiganja, nivitie giza na kuving'arisha maelfu ya mara, kusi na kaskazi, nione kingo zipi zinaanza kuvuja.