Herufi Ziende Nilikobofya

Juma lililopita mzee mmoja wa Isyonje alifika kwenye stashenari ninayofanyia kazi hapa Mwanjelwa, akiwa na daftari la wanakikundi wa wakulima wa viazi, majina yakiwa yameandikwa kwa kalamu ya risasi na mengine yamefutika nusu. Yeye alisoma, mimi nikachapa, macho yangu yakiwa kwenye daftari ili nisikosee jina la mtu. Tulipofika jina la 43, programu fulani ilifungua dirisha la kuuliza kama kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Dirisha hilo likajitwalia kibodi, na kitufe cha Enta nilichobonyeza ili kushuka mstari kikahesabiwa kuwa nimekubali. Kioo kikawa cheusi.

“Mwanangu, umeme umekatika?” mzee aliuliza.

Nakubali kwamba nilipaswa kuhifadhi kazi mapema zaidi. Hata hivyo, mtu anapobofya ndani ya waraka na kuanza kuandika, ameshatoa agizo la wapi herufi zake ziende, na hakuna programu nyingine yenye haki ya kulitengua agizo hilo wakati vidole vyake vingali vinatembea. Mchapaji mzoefu haangalii kioo. Anaangalia karatasi ya mteja, kwa hiyo dirisha linalojitokeza ghafla hupokea maneno matano, pengine hata nywila, kabla hajainua macho. Jambo hili lina dawa, na dawa yenyewe inajulikana. KDE na GNOME ni mazingira ya madirisha yanayotumiwa kwenye kompyuta za Linux: KDE ina mpangilio wa kuyazuia madirisha yasijipeleke mbele, GNOME huweza kutoa taarifa kwamba dirisha liko tayari likamsubiri mtumiaji, na Windows yenyewe inaweza kuliacha dirisha nyuma huku alama yake ikimetameta chini ya kioo. Anayetengeneza programu ya kuzikwepa njia hizo anamdhulumu mtu asiyemfahamu.

Wapo wanaopenda herufi zifuate kishale cha kipanya bila kubofya, kama walivyozoea watumiaji wengi wa X, mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye kompyuta za Unix. Nimeujaribu mtindo huo, na sikatai kwamba unaharakisha kazi ya kunakili kati ya madirisha mawili. Ila kwenye meza yetu nyembamba, mteja akigusa kipanya kwa kiwiko, sentensi inahamia kwingine. Kwa gurudumu la kipanya msimamo wangu ni tofauti: tangu Windows 10 ya mwaka 2015, gurudumu huweza kusogeza ukurasa wa dirisha lolote lililo chini ya kishale, na hilo ni jema, kwa sababu kusogeza ukurasa hakuharibu kitu, ilhali kuandika kunaharibu.

Kompyuta ilipowaka, majina 31 hayakuwepo. Mzee alivuta kiti karibu, akarudi ukurasa wa kwanza wa daftari lake, akaanza kunisomea upya, polepole zaidi kuliko mwanzo.