Ukinyamaza, Kamishna Atakujazia

Juni ikianza kuyoyoma, gumzo la mjini Nairobi huwa moja: mwaka huu sifaili ritani, yaani ile taarifa ya mapato ya mwaka inayopelekwa kwa mamlaka ya ushuru, KRA, kufikia Juni 30. Nalisikia kwa wenye mishahara Upper Hill na kwa wenye vibanda Gikomba, na sina ubishi na hasira iliyo ndani yake. Mtu anakatwa ushuru kila mwezi, kisha anapeleka mtoto hospitali ya umma na kuambiwa akanunue dawa nje. Atakosaje kukasirika?

Lakini kukataa kufaili hakumpati anayelengwa. Kama umeajiriwa, mwajiri ameshakata PAYE, ushuru wa mshahara, na kuipeleka KRA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ritani ya Juni 30 ni maelezo tu ya pesa ambazo zimekwisha kwenda. Ukiigomea, serikali haipotezi hata senti. Wewe ndiwe unayeongezewa faini ya shilingi 2,000, au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa ikiwa ndiyo kubwa zaidi.

Mfanyabiashara huumia zaidi. Chukua anayedaiwa 100,000: kwa kuchelewa kufaili ni 5,000, kwa kuchelewa kulipa 5,000 nyingine, na riba ya asilimia 1 kila mwezi juu ya deni. Isitoshe, Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inampa Kamishna wa KRA mamlaka ya kukukadiria ushuru yeye mwenyewe usipofaili. Atatazama taarifa alizo nazo, aandike kiasi anachoona kinafaa, na kuanzia hapo jukumu la kuthibitisha kwamba amekosea ni lako. Una siku 30 za kuwasilisha pingamizi. Zikipita kimya, deni linabaki lilivyo, na anaweza kuiagiza benki yako itoe pesa kwenye akaunti. Akiwa na sababu ya kuamini utaondoka nchini bila kulipa, anaweza pia kuamuru uzuiwe kusafiri.

Kutofaili ni kosa la jinai vilevile. Sheria hiyo inataja faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Wengi wetu tutakutana na faini kabla ya hakimu, ila mlango wa mahakama upo wazi.

Wanaoniumiza roho ni vijana wasio na kipato chochote. Msichana anachukua pini, namba ya mlipa ushuru, akiwa chuoni kwa sababu ya mkopo wa masomo wa HELB, anamaliza masomo, anakaa nyumbani Kayole akitafuta kazi. Hakuna aliyemweleza kwamba mwenye pini iliyo hai hufaili hata kama hakupata shilingi. Miaka minne baadaye anaitwa kazini, anaombwa cheti cha kutimiza masharti ya ushuru, na kwenye iTax, mtandao wa KRA wa kufaili, anakuta faini za 8,000. Kumtoza mtu asiye na mapato faini kwa kutotangaza kwamba hana mapato ni uonevu, na nitasema hivyo mbele ya mbunge yeyote. Misamaha iliyotolewa tangu 2023 iliwafuta machozi wengine, lakini msamaha huisha muda, na kijana mwingine anachukua pini leo.

Upinzani unaobadilisha kitu hapa kwetu umekuwa wa hadharani. Mnamo Machi 1922 watu walikusanyika Nairobi kudai Harry Thuku, mpinzani wa serikali ya kikoloni aliyekuwa amekamatwa, aachiliwe, miongoni mwa malalamiko yake ikiwa kodi na kipande, kitambulisho walicholazimishwa Waafrika kubeba, na wengine wakauawa kwa risasi. Juni 2024 vijana walijaa barabarani, na Mswada wa Fedha, uliopendekeza ushuru mpya, ukaondolewa, kwa gharama ya maisha pia. Ibara ya 210 ya Katiba inasema hakuna ushuru unaotozwa wala kusamehewa ila kwa sheria, na sheria hutungwa bungeni. Ukurasa wa iTax usiojazwa hausomwi na mbunge yeyote.

Kwa hiyo faili, ndugu yangu, hata kama ni ritani ya sifuri, na usingoje usiku wa Juni 30 saiba, zile sehemu za intaneti ya kulipia, zikiwa zimefurika watu. Kama kiasi walichokuandikia hukikubali, andika pingamizi ukiwa na karatasi zako. Likikataliwa, una siku 30 za kwenda kwenye jopo la rufaa za ushuru. Kama deni ni halali lakini mfuko hauruhusu, omba kulipa kidogo kidogo kwa maandishi. Nasi tunaofaili tumbane mbunge wetu aifute ile 2,000 kwa wasio na kipato, kabla ya Mswada wa Fedha unaofuata kupitishwa.