Nipeni asilimia zangu, theluji nitaingoja mwenyewe

Kila ifikapo Oktoba hapa Uingereza, magazeti ya udaku huanza kuuza theluji. Vichwa vya habari vinatangaza baridi ya kuvunja rekodi, dhoruba za wiki nzima, nchi kufunikwa nyeupe kutoka kaskazini hadi kusini. Ukiisoma habari yenyewe unakuta ramani moja iliyopakwa zambarau na kauli ya mtabiri wa kujitegemea ambaye mwaka jana alisema hayohayo. Sisi tunaoipenda theluji, wenyeji na wageni, tunayanunua magazeti hayo. Kisha Desemba inaingia na manyunyu, upepo wa magharibi na nyuzi kumi za joto, na lawama zote zinawaangukia "watu wa hali ya hewa", utadhani mwandishi wa gazeti na mwanasayansi wa Met Office, idara ya taifa ya hali ya hewa kule Exeter, wanakaa meza moja.

Naishi Leicester, na theluji naingoja kama mtoto. Ndugu zangu Tanga nao wanaingoja kupitia simu yangu: imeanza? Mbona hutumi picha? Wao wanajua Kibo ina theluji na barafu hatua chache kutoka ikweta, kwa hiyo hawaelewi inakuwaje Uingereza yote hii ikose. Nikiwaeleza kwamba mji huu unaweza kumaliza majira mazima ya baridi bila theluji ya kufunika kiatu, wanadhani nawaficha jambo.

Lakini nilichokaa kuandika leo si malalamiko kwamba utabiri wa miezi mitatu mbele hauna hakika. Hauna hakika, na hautakuwa nayo. Ninacholalamikia ni kwamba mashaka hayo, yaliyopimwa kitaalamu na kuwekewa asilimia, mwananchi wa kawaida wa nchi hii aliacha kupelekewa, eti atayaelewa vibaya. Naona ulikuwa uamuzi wa woga, na umeacha uwanja mtupu kwa wauza theluji.

Mambo yalianzia mwishoni mwa Aprili 2009. Met Office ilitoa utabiri wa kiangazi ikisema kuna uwezekano wa asilimia 65 kwamba joto litakuwa juu ya wastani. Hapo hapakuwa na tatizo. Tatizo ni kwamba taarifa kwa vyombo vya habari iliongezewa maneno kwamba nchi ina matumaini makubwa ya "kiangazi cha nyama choma". Asilimia zikasahaulika siku hiyohiyo, watu wakashika nyama choma. Julai ikanyesha mvua ya kuchosha. Hata kama joto lenyewe halikuangukia chini ya wastani, nani angejali akiwa amesimama na mwavuli kando ya jiko la mkaa? Baada ya hapo wakasema majira ya baridi yanaelekea kuwa ya uvuguvugu, na yaliyokuja yakawa makali kuliko yote kwa Uingereza tangu yale ya 1978 hadi 1979. Machi 2010 wakatangaza kwamba utabiri wa msimu kwa umma umefikia mwisho, na badala yake watatoa wa mwezi mmoja.

Kilichofuata kingekuwa kichekesho kama kisingekuwa na hasara. Oktoba ya mwaka uleule, Met Office iliipelekea ofisi ya baraza la mawaziri tathmini ya Novemba hadi Januari: nafasi nne kati ya kumi kwamba majira yataanza kwa baridi, tatu kwa hali ya wastani, tatu kwa uvuguvugu. Umma haukutangaziwa. Kisha ikaja Desemba 2010. Wastani wa joto katikati ya Uingereza ulikuwa chini ya sifuri, Desemba ya baridi kuliko zote tangu 1890. Uwanja wa ndege wa Heathrow ulizimika wikiendi moja kabla ya Krismasi, na maelfu ya abiria wakalala sakafuni. Hati zilipotoka mwezi uliofuata ukazuka ugomvi: wengine walisema serikali ilionywa ikanyamaza, wengine wakasema nne kwa tatu kwa tatu si onyo, ni kutojua kwa lugha ya heshima.

Mimi nasema ni onyo dogo, na onyo dogo lina thamani yake. Anayenunua chumvi ya kumwaga barabarani hahitaji uhakika. Anahitaji kujua kama mwaka huu mizani imeinama, na imeinama kiasi gani. Nne kwa kumi inatosha kuagiza lori la ziada, haitoshi kufunga shule. Mtu mzima anaweza kuelewa hilo.

Nasema anaweza kwa sababu nimetoka mahali ambapo anatarajiwa aelewe. Tangu 1998, baada ya ile El Niño iliyobomoa madaraja Kenya na Tanzania, wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki wamekuwa wakikutana kabla ya kila msimu na kutoa mwelekeo wa mvua kwa mafungu matatu: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani, kila fungu na asilimia yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inausoma utabiri wa Vuli na wa Masika hadharani, redio zinaurusha, na mkulima wa Tanga anaambiwa achague mbegu kwa kutumia hayo. Akikosea, anakosa chakula. Hajawahi kutokea mtu akasema mkulima huyo anyimwe asilimia kwa kuwa zitamchanganya. Sasa niambieni ni kwa vipi Mwingereza aliyesoma bure hadi miaka 18, mwenye kucheza kamari ya farasi kila Jumamosi na kujua maana ya tatu kwa moja kuliko mhasibu, ndiye ahurumiwe asipewe namba tatu.

Nakubali, kwetu nako asilimia hazijatuokoa na wanasiasa. Oktoba 2023, wakati watabiri wa kanda walishasema Vuli inaelekea kuwa na mvua nyingi, Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba wataalamu wamesema hakutakuwa na El Niño, ila mvua kubwa tu. Novemba haijaisha mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100 nchini humo. Ila tazama vizuri: utabiri wenyewe ulikuwa hadharani. Waliotaka kujiandaa walikuwa na pa kusimama, na waliotaka kumuuliza rais swali walikuwa na karatasi mkononi.

Wapo watakaonijibu kwamba ninalinganisha visivyolingana, na wana hoja. Vuli inaongozwa sana na joto la bahari, Pasifiki na Hindi, na bahari hubadilika polepole, ndiyo maana Agosti unaweza kusema jambo la maana kuhusu Novemba. Hata kwetu Masika ni mkaidi zaidi kutabirika. Uingereza iko kwenye njia ya mkondo wa upepo wa juu unaovuka Atlantiki, na mkondo huo ukihama kidogo kusini au kaskazini, nchi inahama kutoka mvua ya uvuguvugu kwenda ukavu wa baridi. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuutabiri kwa msimu mzima ni kazi bure. Lakini mwaka 2014 wanasayansi wa Met Office hiyohiyo, wakiongozwa na Adam Scaife, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba modeli yao mpya, yaani programu ya kompyuta ya kutabiri, ikianzishwa Novemba, iliweza kufuata kupanda na kushuka kwa mgandamizo wa hewa juu ya Atlantiki ya kaskazini kwa miaka 20 ya majaribio, kwa uwiano wa karibu 0.6, ambapo 1 ni kufuatana kikamilifu na 0 ni kutofuatana kabisa. Si uchawi, lakini si kubahatisha. Cha ajabu zaidi, angahewa halisi ilionekana kutabirika kuliko modeli yenyewe ilivyodhani. Kwa maneno mengine, huduma iliondolewa kwa umma miaka michache tu kabla ya sayansi kupata kitu cha kusema. Mwelekeo wa miezi mitatu bado unatolewa, upo kwenye tovuti yao, ila umeandikiwa wapangaji wa dharura kwa lugha ya wapangaji wa dharura. Sijawahi kuusikia ukisomwa baada ya taarifa ya habari ya jioni.

Na theluji je? Hapa ndipo inapobidi wapenzi wenzangu wanivumilie, kwa sababu hata utabiri bora kabisa wa msimu hausemi habari ya theluji.

Chukua mwaka 2018. Ukijumlisha Desemba, Januari na Februari, joto la nchi lilikuwa karibu na wastani. Mtabiri ambaye angesema Oktoba "mwaka huu kawaida tu" angekuwa amepatia. Lakini tarehe 12 Februari, kilomita 30 hivi juu ya Ncha ya Kaskazini, ule mzunguko mkubwa wa upepo baridi unaokaa kwenye stratosfia, tabaka la juu la angahewa, ulivunjika vipande viwili baada ya hewa ya huko kupata joto ghafla. Wiki mbili baadaye upepo ukageuka, ukaja moja kwa moja kutoka Siberia, ukavuka Bahari ya Kaskazini ukizoa unyevu, na kuumwaga wote kama theluji. Uskoti ya kati ilipata onyo jekundu, lile la juu kabisa, siku iliyofuata kusini-magharibi na Wales wakapata lao. Watu walilala ndani ya magari barabarani. Msimu ambao kwa hesabu ulikuwa wa kawaida ndio unaokumbukwa kwa theluji kuliko wowote wa miaka hiyo.

Mwanzoni mwa Januari 2019 stratosfia ikapata joto ghafla tena. Mashabiki wa ramani hawakulala. Dalili ni zilezile, walisema, hesabu wiki mbili. Ilipatikana theluji kidogo mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari, kisha tarehe 26 Februari bustani za Kew, London, zikapima nyuzi 21.2, joto ambalo nchi hii haikuwahi kuandika katika majira ya baridi. Watu walikaa nje kwa fulana. Chanzo kilekile, miaka miwili mfululizo, na matokeo mawili yasiyojuana.

Hata baridi ikifika, bado. Hiki ni kisiwa. Mara nyingi kukiwa na unyevu, upepo umetoka magharibi na una joto; kukiwa na baridi, hewa imetulia na ni kavu. Theluji inataka vyote viwili vikutane, na kwenye nyuzi moja au mbili juu ya sifuri vinakutana kwa kusitasita. Vilima vya Derbyshire vinageuka vyeupe huku mimi Leicester nimepata maji. Hilo halijulikani Oktoba, na mara nyingine halijulikani asubuhi ya siku yenyewe.

Kwa hiyo tunafanya nini? Tunakesha na ramani. Modeli ya Marekani, GFS, hutoa matokeo mara nne kwa siku na kwenda mbele siku 16, na katika matokeo mengi kiasi hicho lazima moja litakuwa na theluji ya magoti siku ya 12. Tunalipiga picha, tunatumiana. Toleo linalofuata limeifuta, linalolifuata limeisogeza mbele. Theluji ya siku ya kumi ina tabia ya kubaki siku ya kumi hadi Machi. Kituo cha Ulaya, ECMWF, kinafanya kwa busara zaidi: kinaendesha utabiri mmoja mara 51, kila mara kikigusa kidogo hali ya kuanzia, ili uone njia zote zinazowezekana zinavyotawanyika. Nao mashabiki wanayapitia yote 51 kutafuta lile moja lenye theluji. Mimi ni mmoja wao, na sioni aibu. Kuna watu wanafuatilia usajili wa wachezaji kwa bidii hiyohiyo na bila ramani.

Krismasi nayo ina sheria zake. Kwa Met Office, Krismasi nyeupe ni chembe moja ya theluji kuonekana ikianguka popote nchini ndani ya saa 24 za tarehe 25. Ndiyo maana mwaka 2023 ilihesabiwa nyeupe, ingawa hakuna kituo hata kimoja kilichokuta theluji imelala ardhini. Wacheza kamari walifurahi. Watoto wangu hawakuona kitu.

Wanaohitaji zile namba tatu si sisi wa ramani. Nawafikiria Waswahili wenzangu wengi hapa wanaofanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, zamu ya kwanza saa 12 asubuhi, basi likisimama mshahara umekatika. Nawafikiria walio na mita ya gesi ya kulipia kabla, mfano wa LUKU, ambao mwezi wa baridi kali unakula mara mbili. Mtu wa namna hiyo akiambiwa Oktoba kwamba mizani imeelekea baridi, anaweza kuanza kuweka pauni tano kila wiki. Ikiwa baridi haikuja, pesa bado ni zake. Gazeti la udaku linamwambia nchi itafunikwa, halimwambii uwezekano ni kiasi gani, na baada ya miaka mitatu ya kudanganywa hasikilizi tena hata onyo la kweli.

Nataka kitu kidogo tu. Oktoba, mtangazaji asimame mbele ya ramani aseme: kwa miezi mitatu ijayo, baridi kuliko kawaida asilimia kadhaa, kawaida kadhaa, uvuguvugu kadhaa, mwaka jana tulisema hivi, ikawa hivi, theluji hatuwezi kusema hadi ibaki siku tatu au nne. Novemba arudi arekebishe namba zake. Inachukua dakika moja, na asitaje nyama choma.