Kuchimba Dawa Jangwani

Kuna gemu la video linaitwa Desert Bus. Lilitengenezwa 1995 kwa ajili ya Sega CD, mashine ya kuchezea gemu, kwenye mkusanyiko wa magemu wa Penn & Teller, wale wanamazingaombwe wa Marekani, na halikuwahi kufika dukani. Unaendesha basi kutoka Tucson hadi Las Vegas kwa saa 8 za kweli, za ukutani. Spidi mwisho maili 45, yaani kama kilomita 72. Hakuna kona, hakuna gari lingine, hakuna abiria, na huwezi kulisimamisha ukaenda kula. Ukifika unapewa pointi 1. Moja! Halafu unageuza. Walilifanya bovu makusudi, na bado wapo watu ambao tangu 2007 hukesha nalo kuchangia watoto waliolazwa hospitalini, wakapata mamilioni ya dola.

Mimi nilitaka ile pointi tu.

Nilianza saa 9 alasiri. Baba mdogo, dereva mstaafu wa Dar–Mbeya, akavuta kiti nyuma yangu na kahawa yake. Hakucheka hata kidogo. "Gari lako linavuta kulia," akasema. Kweli linavuta, ndivyo walivyolitengeneza, ili usiweke jiwe juu ya kitufe ukaenda kulala. "Lipeleke gereji."

Saa 4 usiku tumbo likaninyonga. Imebaki saa 1 tu!

"Baba, nishikie dakika mbili."

"Unanifundisha mimi kushika usukani?"

Nikakimbia. Narudi, basi limekaa mchangani, moshi unafuka.

"Baba! Umefanya nini?"

"Saa 7 barabarani hujasimama hata mara moja! Abiria nao ni watu. Nimeweka pembeni wachimbe dawa."

"Basi halina abiria!"

Akakitazama kioo muda mrefu. "Ndiyo maana hawashuki."

Sasa basi likitoka nje ya lami linavutwa kurudishwa Tucson, kwa saa zilezile ulizotumia kwenda. Nikanyoosha mkono nizime. Akanishika.

"Gari limekufa safarini, dereva unalikimbia?"

Nikaenda kulala. Saa 10 alfajiri mama mdogo aliamka akamkuta palepale gizani, kahawa imepoa, anamgombeza dereva wa brekidauni kwamba anatembea kama anasindikiza maiti.