Mchoreni Ziwa X

Jamani, naomba kuuliza kabla sijalala: ziwa likikufuata mpaka kwako, nani kavunja sheria?

Mimi nakaa Ujiji, huku chini kuelekea Ziwa Tanganyika. Nilipojenga mwaka 2009 nilipima kwa miguu yangu, tena na malapa: kutoka kibarazani mpaka majini hatua 140. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60. Hatua zangu si za twiga, lakini hata ungenipunja, chenji ilibaki. Leo ni hatua 31, ukijumlisha na zile za kuruka dimbwi. Bata wa jirani hawasumbuki tena kwenda ziwani, wanaoga nyuma ya choo changu. Habari za choo chenyewe tuziache, huenda kuna watu wanakula.

Anayenimaliza ni Mama Zaituni. "Baba Zaituni, si kila siku ulikuwa unaomba nyumba ya ufukweni? Basi dua imepokelewa."

Wiki iliyopita wakaja vijana wawili, refleketa kifuani, kopo la rangi nyekundu mkononi. Wakavuta futi. Mmoja akaingia majini kushika ncha, suruali kaikunja mpaka gotini, viatu kavitundika shingoni. Mwenzake akasoma: mita 22. Mara X ya kubomolewa, kubwa kama ya mtihani wa hesabu, pembeni ya dirisha wanapolala watoto.

"Mzee wangu, uko ndani ya mita sitini."

"Kijana wangu, mimi tangu nijenge sijasogea hata shubiri. Aliyesogea ni huyo mwenzio anayemkanyaga. Mchoreni yeye."

Yule wa majini akajitazama miguu. Yule wa rangi akatazama kopo. Wallahi, kidogo wangenielewa.

Nikafunga safari mpaka ofisini. Ukutani bango: Tupambane na Mabadiliko ya Tabianchi, linaning'inia kwa kona moja, feni ikizunguka linapunga mkono. Bwana mkubwa akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia ziwa hupanda na kushuka, ni asili yake.

Hilo silikatai. Hata barazani kwenye kahawa kuna mzee anatuambia Stanley alipomkuta Livingstone hapa Ujiji, 1871, maji yalikuwa karibu na pale palipo mnara. Miaka michache baadaye mto Lukuga ukafunguka kule upande wa Kongo, ziwa likashuka. Kwa hiyo, anasema, ziwa linarudi kwao. Sawa mzee, lakini lirudi kwa hodi! Mvua za 2019 na 2020 zilikuja kama zimetumwa. Malagarasi inamwaga, Ruzizi inamwaga, mlango wa kutokea ni huo huo Lukuga peke yake. Wenzetu wa Bujumbura na Uvira nao wamebeba magodoro kichwani. Sasa kama ni asili, mbona X kachorwa mtu?

Na huku maji yamejaa, kitoweo ndiyo kinapungua. Waliosomea ziwa wanasema maji ya juu yakizidi joto hayachanganyiki na ya chini, rutuba inabaki kule kilindini, na ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470. Dagaa atakula nini? Mwaka 2024 walipofunga uvuvi, kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, nilikula maharage mpaka nikawa naota mgebuka. Hata dagaa wakipatikana, mchanga wa kuwaanikia umemezwa na maji. Mama mmoja pale mwaloni aliniomba aanike kwenye bati langu. Nikamruhusu. Sasa nina X, nina bata, na nina paka wote wa mtaa.

Mimi sikuomba wakachimbe Lukuga. Nilichoomba: mitaro izibuliwe Oktoba, kabla ya mvua, si Januari mtu na mpiga picha wake. Vilima vilivyonyolewa vipandwe miti, maana tope lote linapita sebuleni kwangu likielekea ziwani. Na sisi wenye X tuonyeshwe viwanja huko juu, tusiachiwe rangi tu.

"Na wewe mzee unapikia nini?" bwana mkubwa akaniuliza.

Hapo alinipata. Mtungi wa gesi ninao. Serikali inataka ifikapo 2034 watu asilimia 80 wawe wanapikia nishati safi, nami nilianza mapema. Ukaisha mwezi wa pili, bei ya kujaza nikaitazama, nikarudi kwenye mkaa. Mtungi sasa unazuia mlango wa nyuma usifunguliwe na maji. Nikamwambia natumia gesi. Si uongo, naitumia.

Akavuta droo, akanipa fomu ya malalamiko. Jina, mtaa, namba ya nyumba. Mstari wa nne: umbali kutoka chanzo cha maji. Nikaandika 22 kwa penseli.

"Mzee, fomu inajazwa kwa peni."

"Itashughulikiwa lini?"

"Kama miezi mitatu."

"Basi niachie penseli yangu."