Nyota za pembezoni na mchoro wa ubaoni

Mwalimu wetu wa jiografia alichora jua katikati ya ubao, akalizungushia maduara, na juu ya kila duara akabandika sayari. Jua lenyewe halikwenda kokote. Juzi nimefungua daftari la mpwa wangu, nikakuta mchoro uleule.

Si uongo, ila umeishia njiani. Jua nalo lina safari yake: linakizunguka kitovu cha galaksi yetu, kundi kubwa la nyota liitwalo Njia Nyeupe, kwa kilomita 220 hivi kwa sekunde, na sisi tumo msafarani. Mzunguko mmoja huchukua takriban miaka milioni 230. Jua lilipopita upande huu mara iliyopita, dinosaria ndio kwanza walikuwa wanatokea.

Linaloninyima usingizi, hata hivyo, ni jingine. Kwenye mfumo wa jua, aliye karibu hukimbia na aliye mbali hujikokota: Utaridi kilomita 47 kwa sekunde, Dunia 30, Neptuni 5 na ushei. Karibu uzito wote umo kwenye jua, na mvutano wake hupungua kadiri unavyosogea mbali. Basi nyota za pembezoni mwa galaksi nazo zingejikokota, maana mwanga mwingi, na hivyo uzito tunaouona, umerundikana katikati.

Hazijikokoti. Mwaka 1970 Wamarekani wawili, Vera Rubin na Kent Ford, walichapisha vipimo vya galaksi jirani ya Andromeda: huko nje mwendo haukushuka walivyotarajia. Galaksi nyingine zilipopimwa, mambo yakawa yaleyale. Kwa kasi hiyo nyota zingechomoka kama jiwe la kombeo, isipokuwa kuna kitu kizito kisichoonekana kinachozishikilia.

Wataalamu wanakiita maada nyeusi. Jina hilo silipendi. Cheusi ukikimulika utakiona. Hiki mwanga hukipita tu. Hakuna maabara iliyokwishakinasa, na wapo wachache wanaoshuku kwamba kosa liko kwenye kanuni zetu za mvutano. Mimi niko na walio wengi, kwa kuwa mwanga wa galaksi za mbali nao, unapopita kando ya makundi ya galaksi, hupindika kuliko uzito unaoonekana unavyoweza kuupinda.

Rubin alifariki mwaka 2016 bila kupewa Nobel, jambo ambalo mpaka leo naliona dhuluma.

Walimu, mkishafika Neptuni msifute ubao. Chora nyota moja pembezoni mwa galaksi, kisha waulize wanafunzi wakisie mwendo wake.